Maji ya Jua

Kaka yangu Twahir hakuwa mtu wa maneno, na hilo lilinikera tangu utoto wetu. Mimi Maulida nilipewa mdomo wa watu wawili. Nadhani wake ulipotea njia ukaja kwangu. Kiwanda alimokuwa fundi wa kuchomelea kilipouzwa, na mwekezaji akaanza uwekezaji wake kwa kuwapunguza watu, Twahir alirudi nyumbani Kijenge akakaa uani akitazama paa. Kutwa anatazama paa. Nikadhani ndugu yangu amerukwa na akili, kumbe alikuwa anapima jua.

Alitengeneza boksi pana la bati, ndani akapanga mabomba membamba yaliyopakwa rangi nyeusi, juu akafunika kioo. Maji yakipata joto humo yanapanda yenyewe hadi kwenye pipa, nalo alilizungushia magodoro chakavu yasipoe. Ilikuwa miaka ile ya mgao, umeme unakuja unapotaka, na mkaa unapanda bei kila mvua ikinyesha. Watu wa Arusha, ambao mwezi wa saba huoga kwa kujilazimisha, walikuja kwetu kutia mkono bombani. Wakiungua kidogo wanacheka, wakishacheka wanaagiza. Alykhan mwenye gesti aliagiza mtambo wake, wakafuata majirani, kisha wakulima wa kahawa wa huko mlimani.

Salwa, binti yake Twahir, ndiye aliyekuwa msaidizi. Mama yake alifariki Salwa akiwa mdogo, nikamlea mimi, lakini roho yake ilikuwa kwa baba. Kazini walikuwa hawasemezani. Mmoja ananyoosha mkono, mwingine anampa anachokitaka. Nilikuwa nawaonea wivu, nisiseme uongo.

Kisha ikaja posa. Jamaldini, mtoto wa Mzee Khalfani muuza vitambaa, alimtaka Salwa, na Salwa alimpenda mpaka akawa anatuunguzia wali. Tulikubali kwa furaha. Siku wanawake wa upande wa pili walipokuja kumwona mkwe wao, mama yake Jamaldini alimshika mikono ampongeze, akaitazama, akaiachia. Vidoleni palikuwa na mabaka meupe, na jingine dogo pembeni mwa mdomo. Sisi tulikuwa tumeyaona tukajidanganya kuwa ni fangasi.

Tulimpeleka hospitali. Daktari Aminieli, Mmeru mmoja mpole, alimwomba Salwa atangulie nje, akafunga mlango.

"Ni mbalanga," alisema. "Haiambukizi wala haiui. Na haitokani na maji wala chakula, kwa hiyo msitafute mchawi. Mara nyingine hutembea kwenye ukoo. Yupo aliyekuwa nayo kwenu?"

Twahir alinitazama. Mama yetu, Mungu amrehemu, alivaa mikono mirefu hata jikoni mpaka anakufa, na maiti yake niliiosha mimi.

"Yupo," alijibu Twahir. Huko nje alimwambia Salwa kwamba daktari hana uhakika.

Mzee Khalfani alikuja kwetu mwenyewe baada ya swala ya alasiri. Nilimpa shikamoo, nikamletea chai. Hakuigusa.

"Ndugu yangu Twahir," alianza, "wewe umesoma chuo cha dini, unajua. Vitabu vyetu vya fikihi vinasema maji yaliyopashwa na jua kwenye chombo cha chuma ni makruhu kuyatumia mwilini, si haramu ila bora kuyaepuka. Wazee waliyahofia kuleta mbalanga."

Nikadakia. "Hukumu hiyo ni ya nchi za joto, mzee. Hapa Kijenge mwezi wa saba hata mbuzi anatamani koti."

Hakucheka. "Dada Maulida, sikuja kubishana. Nimekuja kutafuta mlango wa kutokea. Kama ni maji, basi ni jambo la nje, limemkuta mtoto kwa bahati mbaya, na harusi ipo. Kama ni la damu, mke wangu ameshasema neno lake, na mimi nina wajukuu wa kuwafikiria. Twahir, mtambo umeutengeneza wewe. Utakachosema nitakipokea."

Salwa alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Niliona ncha za ndala zake, na Twahir naye aliziona. Nikamwomba Mungu amfunge ndugu yangu ulimi kama alivyomfunga siku zote.

"Ni maji," Twahir alisema.

Nilifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani aliniwahi. "Maulida, nyamaza."

Nikanyamaza. Mzee Khalfani alishukuru, akaomba kitu kimoja tu, mtambo ule ushushwe ili watu waone. Twahir alipanda paani papo hapo, kanzu ameikunja kiunoni, akaanza kufungua nati. Salwa alitoka akasimama uani, mikono ameificha kwenye khanga.

"Baba, ulikuwa unajua?"

"Nilidhani ni salama," alisema, bila kugeuka.

Harusi ilifana. Tulikula, tukaimba, na bibi harusi alipakwa hina nyingi vidoleni. Lakini habari ilikuwa imeshasambaa kwamba fundi mwenyewe kakiri. Alykhan alituma gari likaurudisha mtambo wake mpaka mlangoni kwetu. Majirani waliishusha mitambo yao wakafugia kuku kwenye mabati. Hata Wakristo wa mlimani, wasiojua fikihi ni nini, waliogopa. Twahir akawa anaziba masufuria na kuunga mageti, na sisi tukarudi kwenye kuni.

Nilimsumbua sana. Nilimwambia Salwa ana haki ya kuujua ukweli, nikamwita mwoga, nikamwita na majina mengine nisiyoweza kuyarudia hapa. Siku moja aliweka tindo chini akanijibu kwa urefu ambao sikuwahi kuusikia kwake.

"Akijua, itabidi amfiche mumewe au amwambie. Akimficha, ataishi kama alivyoishi mama. Akimwambia, atarudishwa. Acha anichukie mimi, mimi naweza."

Na Salwa alimchukia kweli. Hakuja Idi ya kwanza wala ya pili. Alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa baridi, kwa kuwa mumewe alimsihi amlete mtoto aonwe na babu yake. Mabaka yalikuwa yamepanda mpaka shavuni. Alimsalimia baba yake kwa heshima, akakaa mbali naye.

Mtoto akajichafua. Nilikuwa na maji jikoni, na Twahir alikuwa ameshayamimina kwenye beseni, akayajaribu kwa kiwiko, akanyoosha mikono ampokee.

"Acha, Baba. Nitamwogesha nyumbani."

"Yamechemshwa kwa kuni, mama," alisema Twahir.

"Najua." Alimfunga mtoto kwenye khanga vile vile alivyo mchafu. "Lakini wewe usimwogeshe."

Twahir alisema sawa, akaenda kumfungulia mlango. Salwa alipopita, mkono wa mtoto ulikuwa umechomoza nje ya khanga, na ndugu yangu aliinama akautazama, kidole kwa kidole. Sikuhitaji kumuuliza anatafuta nini, maana mimi nilikuwa nimeshautazama kabla yake.