Jiwe la Ukuta wa Jiko

Nusu ya jiwe lenye ushahidi wa bwawa ilikuwa ndani ya ukuta wa jiko la Chokkan, na binti yake Alli alikuwa aolewe baada ya siku tisa.

Nusu ya kwanza kila mtu kijijini aliijua. Wanawake walifulia nguo juu yake ukingoni mwa bwawa. Mwalimu mstaafu Arivoli alikuwa ameipaka unga wa mchele, herufi za kale zikatoka nyeupe, akazisoma: wanakijiji wamelichimba bwawa hili kwa mikono yao, lisilimwe, lisiuzwe, na mpaka wake wa mashariki ni... Hapo jiwe limekatika. Maneno yamekaa miaka elfu moja, yakaja kukatika penye mpaka.

Upande huo wa mashariki Ratnavel, mtu wa mjini mwenye kinu cha mpunga, alikuwa amepanda minazi mia tatu. Alidai ni shamba alilonunua babu yake. Afisa wa ardhi angefika Alhamisi kuamua. Akimpa Ratnavel haki, nusu ya maji imekwenda, na mpunga wa nyumba sitini umekwenda nayo.

Chokkan alikuwa mgawa maji wa kijiji, kama baba yake. Na ni baba yake huyo aliyeikokota nusu ya pili ya jiwe, akajengea jiko, maandishi yakageukia ndani ya ukuta.

"Baba Alli," alisema mkewe Irulayi, "mti wa harusi umeshasimikwa uani. Mti ukisimama, nyumba haivunjwi hata tofali. Unajua."

"Najua."

"Shemeji, ngoja harusi ipite," alisema Karuppan, kaka yake Irulayi. Posa ile ni yeye aliyeihangaikia, akaenda na kurudi mpaka ndara zikaisha. "Bwawa lina miaka elfu. Siku tisa zitalifanya nini?"

"Afisa haji siku ya tisa. Anakuja Alhamisi."

"Wakwe wakiudhika mimi simo. Nitawaambia shemeji yangu amerukwa na akili."

"Waambie amerukwa, na nyundo iko mkononi."

Alli alikuwa pembeni anapepeta mchele. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Chokkan akamgeukia.

"Unasemaje, mama?"

"Mimi nikiolewa nitakunywa maji ya kule," alisema Alli, ungo haukusimama. "Nyinyi mtakunywa nini? Vunja, baba. Ila ningoje kwanza nitoe vyungu."

Alhamisi asubuhi ukuta ulikuwa umelala chini, na upande mmoja wa paa umeufuata. Afisa akaja, Ratnavel ubavuni mwake, kijiji kizima nyuma yao. Afisa akaliinamia jiwe. Akalizunguka. Akaliinamia tena kwa upande wa pili.

"Hiki ni Kitamil?"

"Cha bibi zako, bwana mkubwa," alisema Chokkan. "Mimi niliishia darasa la nne, wewe umemaliza chuo. Leo tumekaa dawati moja."

Watu wakacheka. Afisa akajikaza, kisha naye akacheka.

Mwalimu Arivoli akapaka unga, akasoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Mpaka wa mashariki ni hatua mia moja kupita kumizhi. Atakayeuharibu abebe dhambi ya mtu aliyemuua ng'ombe kando ya mto Ganga.

"Kumizhi ndiyo nini?" aliuliza afisa.

Mwalimu akavua miwani. "Nimefundisha mashairi ya kale miaka thelathini. Hii kumizhi inayopimiwa mpaka sijakutana nayo."

"Basi ni neno lililokufa," Ratnavel akadakia. "Hatuwezi kupimiana ardhi kwa maiti."

"Limekufa kwenu," alisema Chokkan. "Mimi juzi tu nimelitaja. Kumizhi ni mlango wa maji wa katikati ya bwawa. Nguzo mbili za mawe, na chini yake tundu la kutolea maji. Babu yangu alikuwa akizamia kwa pumzi moja kulifungua. Baba yangu naye alizamia, mpaka ule mlango ulipobomoka, upande ule ukajaa tope na kukauka. Sisi wagawa maji ndivyo tunavyouita. Hatukujua kama ni neno la mashairi wala la mawe, tulijua ni la kazi."

"Na hizo nguzo ziko wapi?"

"Muulize Ratnavel. Ndizo anazofungia ng'ombe wake."

Wakaenda wote, msafara kama wa harusi. Katikati ya minazi zilisimama nguzo mbili za mawe, urefu wa mtu mmoja na nusu, na ng'ombe mwekundu amefungwa kwenye moja anacheua. Afisa akaanza kuhesabu hatua kuelekea mashariki. Mia moja ilipotimia, mnazi wa mwisho ulikuwa nyuma yake.

"Bwana Ratnavel," alisema afisa, "babu yako alinunua shamba lenye mlango wa bwawa katikati yake, asijiulize?"



"Mfungue ng'ombe, kaka," mwanamke mmoja akapaza sauti. "Asije akatufia hapa tukabebeshwa dhambi ya Ganga!"

Afisa aliandika uamuzi papo hapo, karatasi juu ya boneti ya gari: ardhi ni ya bwawa, minazi itoke kabla ya mvua. Minazi ikatoka. Mvua iliponyesha, maji yalifika kwenye nguzo na kuzipita, na nyumba sitini zikapanda mpunga.

Kwa Chokkan bwawa lilikula ukuta mmoja, vigae mia moja na arobaini na meko mawili. Ijumaa, siku moja baada ya afisa kuondoka, wakwe walirudisha sinia la tambuu, na posa ya Alli ikaishia hapo. Karuppan hajala nyumbani kwa dada yake tangu siku ile. Huu ni mwaka wa pili.