Dirisha Ambalo Halijakauka

Mwaka wa tisini na nane nilikuwa nawapikia mafundi wawili waliokuwa wakitengeneza upya nyumba ya zamani hapa Gisenyi, karibu na ziwa. Mwenye nyumba, Mbonigaba, mfanyabiashara aliyerudi kutoka Kongo, aliogopa wezi kuliko malaria. Kila asubuhi alitufungia ndani kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake mpakani, Petite Barrière, kupokea mizigo. Mlango wa nyuma ulizibwa na mifuko ya simenti mpaka juu. Hata mbabula, jiko langu la makaa, alikataa niiweke nje.

"Moshi inaita watu, mukecuru. Pikia mu nyumba."

Basi mimi bibi mzee nikapikia ndani, kando ya maranda ya mbao. Ili nisahau kwamba nimefungwa kama kuku wa sokoni, niliwategea wenzangu vitendawili vya Kinyarwanda. "Sakwe sakwe!" naita. "Soma!" wanaitika.

Siku hiyo Egide, fundi wa ukuta, alikuwa amepachika vyuma vya dirisha la mwisho. "Mutu asiguse! Simenti haijakauka!"

"Na kuangalia?" akauliza Régis, seremala, kutoka juu.

"Macho yako we, itaharibu pia."

Régis alikuwa anapaka mbao za paa mafuta machafu ya gari yaliyochanganywa na petroli, ya kuzuia mchwa. Akacheka, kopo likamponyoka. Mafuta yakamwagikia maranda, yakakimbilia mbabula. Sijamaliza kusema "Yesu wangu," moto umeshapanda ukutani. Nikamwaga maji ya maharage. Loo! Moto ukaelea juu ya maji, ukatufuata.

Régis akashuka mbio, akapiga mlango kwa bega. Kufuli! Egide akavuta mfuko wa simenti, akavuta mwingine, moshi ukampigisha magoti. Mimi nilining'inia kwenye dirisha lile, pua katikati ya vyuma. Ziwa nililiona, karibu tu, maji yote yale, nasi tunaungua. Mara chuma kikacheza mkononi mwangu.

"Egide! Hii haijakauka!"

"Mukecuru, si nilisema musigu..." Akaona chuma kikicheza. Kisha akapiga kelele: "Guseni! Guseni wote!"

Tukasukuma watatu kwa pamoja. Vyuma vikaanguka majanini, nasi tukaangukia juu yake.

Majirani walikuwa wanatupa mchanga ndani Mbonigaba alipofika mbio.

"Nani ametosha vyuma yangu mu dirisha?"

Egide akakunja ngumi. Nikamshika mkono.

"Patron, sakwe sakwe."

Alinitazama kama nimerukwa na akili. "...Soma."

"Iko mu mufuko ya mutu moja, lakini watu watatu wanaililia."

Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, ukabaki humo.

Moto ulizimwa, na tuliporudi kazini tulikuta mlango wazi. Kufuli na ufunguo wake vilining'inia kwenye msumari, upande wa ndani, pale mkono wangu unapofika. Nikabeba mbabula yangu, nikaiwasha uani, moshi ukaita watu wote unaowataka.