Februari Thelathini

Dokta Angela, msimamizi wangu wa utafiti chuoni, alinipigia kwa mara ya tatu wiki ile na swali lilelile. "Elineema, programu ya simu umetengeneza, wakulima wa mwani wameitumia. Mchango wako katika taaluma ni upi? Niambie kwa sentensi moja kufikia Ijumaa, la sivyo chuo kinakuondoa."

Sentensi moja, na sina. Miezi kumi na minne navuka maji kutoka Utende kwenda kisiwa cha Chole na kurudi, jua limenibabua, na nilichoambulia ni hiki: nikisimama pembeni ya wanawake wanaolima, wanajaza tarehe za kupanda kwenye programu bila kosa. Hata mimi niliona hapo hakuna jipya. Nilikasirika.

Nikamfuata Bi Biubwa kwenye shamba lake la mwani. Maji yalikuwa yametoka, anafunga mbegu kwenye kamba.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba. Mbona umenuna?"

Nikamwaga yote, na lawama juu. Nisipokuwepo walikuwa wakijaza tarehe za ovyo. Leo tarehe tatu, wao wanaandika kumi na tano. Kuna mtu kaandika Februari thelathini, jamani, Februari!

"Huyo mimi," akasema bila kuinua kichwa. "Simu imeniuliza siku niliyopanda, nikaijibu. Mwezi ulikuwa umetimia thelathini. Sisi twahesabu tangu mwezi uandame, maana bamvua, kupwa kukubwa kwa mwandamo na mwezi mpevu, ndiyo yatoa maji tukapanda. Hiyo kalenda yako ya ukutani itanitolea maji?"

"Sasa mbele yangu mbona mliandika sawa?"

"Si wewe ulikuwa ukitutajia tarehe? Tukakuridhisha, uende zako."

Nikakaa kwenye tope na suruali yangu ya ofisini. Maingizo yale ya ovyo mia tatu na kumi na mawili, na yote yalikuwa yanasema kitu kimoja. Programu yangu ndiyo iliyokosea siku, si wao.

Simu ikaita.

"Umeupata?"

"Nimeupata, Dokta." Nikamweleza. Sauti yake ikachangamka kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

"Huo ndio mchango, Elineema! Nitumie hayo maingizo leo hii."

"Nilisafisha data mwezi Machi," nikasema. "Tarehe zote za ovyo nilizifuta."