Mwambie Baba Kwanza

Geum-ok alipanda kilima na sinia la jeli ya muk kichwani. Aliipika mwenyewe kwa kokwa za mialoni alizookota kilimani hapo, kama afanyavyo kila vuli. Juu, kati ya makaburi ya ukoo wa Tak, wanaume walikuwa wamekwisha kutandika mikeka ya tambiko la mwaka. Baada ya tambiko wangepiga kura. Kampuni ya ujenzi ilitaka kilima kizima: mialoni ifyekwe, makaburi yahamishwe, maghorofa yasimame. Ng'ambo ya barabara, kreni zake zilikuwa tayari zinachungulia.

Kaka yake Gi-taek, mkuu wa ukoo, alimpokea sinia bila tabasamu.

"Umekuja kula au kutuharibia?"

"Nimekuja kulisha. Kuharibu mnaharibu wenyewe, kaka."

"Leo umepatikana!" alicheka binamu yao Sang-pil.

Gi-taek hakucheka. Mwanawe alikuwa amechumbia, na wakwe walikuwa wakiuliza nyumba iko wapi. Kampuni iliahidi kila familia ya ukoo nyumba mpya. Geum-ok alilijua hilo, wala hakulibeza.

Tambiko lilipokwisha, aliomba kusema.

"Huna kauli hapa," alisema Gi-taek. "Mila ni mila. Binti akiolewa ni wa kwa watu. Wewe sasa ni wa kina Pyo."

"Na hiyo muk ya kina Pyo, mbona kila mwaka unaifakamia?" aliuliza shangazi yao kutoka nyuma.

Geum-ok alikuwa amejiandaa kutaja sheria. Mwanasheria alikuwa amemhakikishia kwamba mabinti nao ni wanaukoo. Alipomtazama kaka yake, akaiacha. Mahakama ingempa kura, isingempa kaka.

"Haya, sisemi. Lakini kama ni mila, tuifuate yote. Kaburi haliguswi kabla mwenyewe hajaarifiwa. Mwambie baba kwanza, kisha pigeni kura yenu."

"Hilo hufanywa siku ya kufukua."

"Siku hiyo miti itakuwa imelala chini. Utakuwa unamwarifu nini?"

Wazee walitazamana. Sang-pil alijaza kikombe pombe ya mchele, akamkabidhi Gi-taek kwa mikono miwili.

Gi-taek alipiga magoti mbele ya kaburi la baba yao. Kwa maneno ya makaburini hakuwa na mpinzani. Koo jirani humwazima. Alimimina pombe.

"Baba, mimi mwanao Gi-taek nathubutu kukuarifu kwamba..."

Akatazama juu. Upepo ulitikisa matawi, kokwa zikadondoka juu ya kaburi. Baada ya vita kilima hiki kilikuwa kipara. Aliyelala hapo ndiye aliyepandisha miche mgongoni, mzigo baada ya mzigo, na Gi-taek mdogo akimfuata na kata ya maji.

"...nathubutu kukuarifu kwamba..."

"Maliza basi, miguu inakufa ganzi!" alilalamika mzee mmoja.

"Siwezi." Gi-taek aliinuka na kunyoosha kikombe mbele yao. "Anayetaka kuuza na aje amalizie yeye."

Hakuna aliyesogea. Kura ilipopigwa, mikono michache tu iliinuka kuunga mkono kampuni, na wenye mikono hiyo walikuwa wakitazama viatu vyao.

Gi-taek aliketi kando ya dada yake, amechoka kama aliyetoka kulima.

"Mwakani watarudi na ofa nono zaidi."

"Na warudi. Kikombe tunacho."

"Na mwanangu je?"

Geum-ok alionyesha kwa kidevu bonde lililo chini yao. Kati ya matawi lilionekana paa la nyumba ya baba yao, iliyo tupu tangu mazishi yake.

"Paa linavuja, lakini kuta ni nzima. Sang-pil anajua kuezeka."

"Nani kasema?" aliruka Sang-pil.

"Binti wa mjini atakubali kukaa pale?" aliuliza Gi-taek.

"Hujamuuliza. Mlete Jumapili, tumwonyeshe."

Gi-taek alivuta sinia karibu. Kabla ya kula, aliokota kokwa zilizokuwa juu ya kaburi, akazitia kwenye mfuko wa dada yake.