Damu Nyeupe ya Nong Bando

Saa nne asubuhi mashine ya kupimia damu iligoma. Ililetwa katika hospitali yetu ya kisiwa cha Negros, Ufilipino, kwa hotuba tatu na keki, wakubwa wakakata utepe, na hakuna aliyeuliza itafanyaje ikipewa damu ya mla vinono. Kazi yake ni kupitisha mwanga katika maji ya damu na kungoja yagande. Maji ya damu ya mgonjwa wetu Bando, Nong Bando kwa heshima ya huku, yaani kaka mkubwa, yalikuwa mazito, meupe kama tui la kwanza. Mwanga haukupenya.

Dokta Gumban, binti mdogo asiyelala vya kutosha, alisimama mlangoni mwa maabara, akamwita Salud, mpimaji mkongwe ambaye wote humwita Nang, yaani dada, kwa heshima. "Nang Salud, nifanyeje? Wiki iliyopita bonge la damu lilimziba Bando mshipa wa moyo. Nampa dawa ya kuzuia damu isigande. Ikiwa haijamkolea, bonge jingine litamuua. Ikiwa imezidi, atavuja hadi afe. Saa sita ni zamu ya kidonge, na namba ya kipimo sina."

"Alifunga kula?"

"Ameapa."

"Bando akiapa, Inday, binti yangu, inua mto wake."

Salud alikwenda mwenyewe kumtoa damu nyingine. Chini ya mto palikuwa na mfuko wa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, nusu umeshaliwa.

"Mke wangu kasahau hapo," alisema Nong Bando.

"Na midomo inayong'aa, kakusahaulia nani?"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mzee alimkazia macho. "Wewe si binti wa Isko, mkata miwa?"

"Ndimi. Na wewe ndiye msimamizi uliyekuwa ukikanyaga mizani upande wa mawe, miwa ya baba ionekane myepesi."

"Miaka thelathini na minane, Nang! Bado tu?"

"Panga husahau, Nong. Mua hausahau. Lete mkono."

Alipokuwa akivuta damu alimweleza, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Mafuta yale hujipachika kwenye ukuta wa mshipa mwaka baada ya mwaka; siku ukuta ukipasuka, damu hudhani kuna jeraha, hukimbilia kuliziba, na njia nzima hufungwa. "Damu yako haina kosa," alisema. "Imetii amri tu, kama vibarua wako."

Maabarani alishusha bakuli la kupashia vichupa kwa maji ya vuguvugu, ambalo vijana wa mashine walikuwa wamelifanya la kuhifadhia kalamu. Kazi hii ya kupima kuganda kwa mkono alijifunza kwa kuchungulia, enzi zile alipoajiriwa kuosha vichupa. Moyo mmoja ulimwambia: andika "haikusomeka", nenda zako kunywa chai. Hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini mizani ya uongo ilikuwa imemwudhi maisha yake yote. Leo yeye naye ashike mizani ya uongo?

Kwanza alipima damu yake mwenyewe, apate cha kulinganisha. Akatia dawa ya kugandisha, akakiinamisha kichupa, akakiinua, jicho moja kwenye saa. Sekunde kumi na tatu, ikaganda. Kisha ya Bando. Ishirini. Thelathini. Tui likacheza tu. Arubaini. Hamsini na nne ndipo uzi mdogo ulipotokea, kisha kitonge. Akarudia. Hamsini na tano.

Damu ilichelewa mno kuganda; dawa ilikuwa imezidi. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika mbili. Salud, miaka sitini na moja, goti bovu, alikimbia.

Nesi alishamtilia mzee kidonge kiganjani, na mzee, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, alikuwa mtiifu.

"Teremsha mkono, Bando!"

Dokta, aliyekuwa wodini, alisoma karatasi ya majibu, akamgeukia nesi. "Kidonge kisimame. Mletee dawa ya kuirudisha damu igande. Nang, kingemvujisha damu hadi afe."

Nong Bando alikitazama kidonge, akamtazama Salud. "Ungeweza kuchelewa," alisema taratibu.

"Ningeweza. Halafu Jumapili ijayo, kwenye mkutano wa wakata miwa wazee, nani angesimama kueleza mambo ya mguu wake kwenye mizani?"

"Watanizomea."

"Sana."

Mzee akacheka mpaka nesi akamkataza. "Basi nitafutie kiti cha karibu na mlango," alisema.