Malori ya Julai

Nafasi ilikuwa moja, na walioitaka ni wawili: Najat wa Pemba na Protas wa Songea, wote wanafunzi wa uhandisi wa gesi hapa Guangzhou. Profesa Liang angemchukua mmoja wao kwenda kaskazini ya mbali, kwenye nchi ya barafu, kupima njia ya bomba jipya la gesi. Kwanza aliwataka waandike mpango mmoja, kwa pamoja. Tangu siku hiyo hawakukaa meza moja bila kutafunana.

Jumatatu walikutana mgahawani, mtaa wa Huanshi Zhonglu, ramani ikafunika nusu ya sahani za pilau. Protas alikuwa ameshapanga kalenda peke yake. Mabomba yangesafirishwa Julai.

"Julai?" Najat aliuliza.

"Kiangazi, dada. Mimi nimelaza mabomba Mtwara miaka minne. Malori ni kazi ya kiangazi."

"Huko si Mtwara. Julai ardhi inayeyuka, inakuwa kinamasi kitupu. Lori litazama mpaka kwenye kioo. Wenyewe wanasubiri Januari, barafu ikikaza ndiyo barabara yao."

Protas alicheka mpaka mwenye mgahawa akageuka. "Wewe barafu umeiona wapi, zaidi ya ile ya kwenye juisi ya ukwaju?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshika bomba. Wewe umeshika kitabu. Kula pilau yako, inapoa."

Najat akala. Nyongo ikamkaa rohoni. Angeweza kumwandikia profesa siku ileile. Angeweza hata kumfungulia Protas kurasa za kitabu alimoyasoma hayo, naye azisome. Hakufanya. Aliandika kalenda yake, akaitia mkobani, akamwacha mwenzake apeleke ile ya Julai yenye majina yao wote wawili. Mwache aanguke, alijiambia. Na aanguke watu wakiona.

Alhamisi, ofisini kwake, Profesa Liang aliufungua mpango, akafika kwenye Julai, akavua miwani.

"Nani amepeleka malori kwenye kinamasi?"

"Tulipanga pamoja," Protas akadakia.

"Muongo!" Najat aliitoa kalenda yake, akaibamiza mezani. "Yangu hii hapa. Nilimwambia, akanicheka!"

Profesa aliisoma mstari kwa mstari, akawa anaitikia kwa kichwa. Kimawazo Najat alishafika soko la nguo la Shahe, anachagua koti zito.

"Hii uliiandika lini?"

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi. Siku zote hizo ulijua, ukanyamaza?"

Najat akaivuta kalenda yake taratibu, akairudisha mkobani.

"Kule jirani wa kukuokoa yuko kilomita mia tatu," profesa alisema, akiukunja mpango. "Huyu haambiliki, na wewe unamwacha mwenzako azame. Siendi na yeyote kati yenu."

Kwenye ngazi Protas alimzibia njia. "Haya, umeridhika sasa?"

Najat alimkazia macho.

"Nusu," akasema, akampiga kikumbo, akashuka.