Nani Aliuwasha Ulimwengu?

Nyumbani walimwita Kwanini, jina alilojitafutia mwenyewe utotoni kwa kuwachosha watu na neno hilo moja. Leo alikuwa mtu mzima, amesimama mbele ya watahini watatu kutetea tasnifu yake ya falsafa. Mwaka uliopita alisimama hapo hapo, akaulizwa swali moja, akashindwa kulijibu, akarudi nyumbani mikono mitupu. Chuo kilitoa nafasi mbili tu. Kama angeanguka leo, udaktari angeuona kwa wenzake tu.

Aliyemwangusha alikuwa mmoja wa watahini hao hao, profesa mkavu ambaye wanafunzi walimpachika jina la Msumeno. Na Msumeno hakuwa na haja ya kutafuta swali jipya wakati la zamani bado lilikata.

"Kila kilichoanza kina chanzo," alisema. "Ulimwengu ulianza. Kwa hiyo una chanzo. Wewe unapinga. Unataka kutuambia umezuka tu?"

"Hapana, Profesa. Nasema kanuni hiyo tumejifunza kwa vitu vilivyomo ndani ya ulimwengu. Viti, watoto, mvua. Ulimwengu mzima si kitu kimoja zaidi miongoni mwavyo. Hatuna haki ya kuubebesha kanuni hiyo hivi hivi."

"Kwa hiyo hauna chanzo."

"Sijasema hivyo pia."

"Basi umesema nini?"

Watu wakacheka. Msumeno akafunika kalamu yake, na Kwanini akaona mambo yanakwenda mrama tena.

Sasa, idara ile ilikuwa na mtindo wake. Watahini wakimaliza, mwenyekiti hukaribisha swali moja kutoka kwa wageni, na swali hilo huwa la kumpoza mtahiniwa tu: shangazi anauliza nguvu ulizipata wapi, makofi yanapigwa, watu wanakwenda zao. Mama yake Kwanini alikuwa amejiandaa na swali tamu la namna hiyo. Kabla hajanyanyuka, baba alishasimama.

Mzee huyu alikuwa amestaafu kutoka zimamoto, ambako kazi yake haikuwa kuzima bali kuja moto ukishapoa, kuchunguza ulianzaje. Tangu asikie binti yake anaandika kwamba ulimwengu huenda usihitaji chanzo, alikuwa amenuna. Mezani alimwomba chumvi kupitia kwa mama.

"Mimi si msomi wa mambo haya," alisema, kwa sauti ya mtu anayejua fika kwamba yake anayajua. "Lakini nimechunguza mioto maisha yangu yote. Kila moto ulioanza ulikuwa na chanzo chake, nikipate nisikipate. Sasa mwanangu, huo ulimwengu wako nani aliuwasha? Au ulijiwasha?"

Mama alimvuta koti. "Baba Kwanini, umechanganyikiwa? Kaa chini!" Hakukaa. Msumeno alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kwanini alipandwa na hasira, na hasira ilimfaa, maana ilifukuza woga wote.

"Baba, ukiingia kwenye nyumba iliyoungua, unaanza na nini?"

"Naanza na kisichoungua. Ukuta uliobaki, sakafu, jirani aliyeona. Kutoka hapo nasogea kidogo kidogo mpaka ulipoanzia."

"Na kama hakuna ukuta, hakuna sakafu, hakuna jirani, hakuna hata jana yake ya kuulizia?"

"Aa, hapo nitasema nini?"

"Ripoti inatakiwa, baba. Utaandika kuna mtu kauwasha?"

"Thubutu!" Mzee alifura. "Wakubwa walinibana mara ngapi niandike hivyo ili kesi ifungwe? Nilikataa. Kukosa dalili za ajali si ushahidi kwamba kuna mtu!"

"Basi utaandika ulijiwasha?"

"Huo nao ni uongo. Naandika chanzo hakijabainika, naweka sahihi. Asiyetaka akachunguze mwenyewe."

Kwanini alimwacha baba yake ayasikie maneno yake mwenyewe. Uso wa mzee ulianza kufunguka polepole.

"Ndiyo tasnifu yako hiyo?"

"Ndiyo hiyo, kurasa zote." Akamgeukia Msumeno. "Sisi tuko ndani ya moto huu, Profesa, hatuna ukuta wa nje wa kuanzia. Anayesema lazima una chanzo ameandika ripoti kabla ya ushahidi. Anayesema hauna, naye vilevile. Hicho ndicho nilichosema."

Msumeno alifunua tena kalamu yake. "Mwaka jana hukukisema," alijibu. "Leo nimekisikia."

Jopo lilitoka, likarudi hata viti havijapoa. Amefaulu, bila marekebisho! Mama alipiga kelele hadi mwenyekiti akaziba masikio, na Kwanini akalia na kucheka kwa wakati mmoja, furaha imemjaa mpaka kooni.

Baba alimfikia, akamwinamia sikioni. "Lakini mimi bado naamini kuna aliyeuwasha."

"Amini, baba, sikukatazi. Ila usiandike kwenye ripoti."

Mzee aliangua kicheko kilichowageuza watu wote. Kisha akaushika mkono wa binti yake, akaunyanyua juu ya vichwa vya maprofesa kama wa bondia aliyeshinda.

"Mnamwona huyu?" alinguruma. "Huyu ni mchunguzi mwenzangu!"